Tarumbeta ya Nyangwine

Kabla ya kukaa, Boke alitandika nailoni. Alifanya haraka, kanga ikimkinga, kwa sababu viti vya ukumbi wa nyuma wa nyumba ya wageni ya Benedicto vilikuwa vya sponji, na damu ya Boke siku hizi ilitoka bila kubisha hodi. Mwanamke wa umri wake, mwenye wajukuu, alipaswa kuwa amekwisha kuyasahau mambo hayo. Daktari wa wilaya alimwambia ni uvimbe kwenye kizazi, aende Mwanza akafanyiwe upasuaji, na asikawie. Aende na nini, hilo daktari hakulisema.

Ndiyo maana Jumapili hii walikuwa hapa Nyamisangura, mjini Tarime, yeye na mumewe Nchagwa, mshona viatu wa kando ya soko, wamekaa mbele ya watu wasiowajua wakisubiri kuulizwa maswali.

Watu hao walijiita Wapenzi wa Upepo. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana kusikiliza bendi za zamani, zile zenye tarumbeta na mdomo wa bata, ambalo ndilo jina la mitaani la saksafoni. Gitaa hawakulijali. Kila bendi ina gitaa, walisema. Wao walitaka upepo. Waliweza kumaliza supu, bia na mchana mzima wakibishana nani alishika tarumbeta ya pili katika wimbo uliopigwa kabla nusu yao hawajazaliwa, bendi ipi ilitangulia kuvaa suruali za bugaluu, na mpulizaji yupi alimfuata mwanamke Tabora akasahau kurudi. Wengine walikuwa kwenye kundi la simu tu, kutoka Musoma, Mwanza, hata mmoja aliyekuwa Muscat ambaye hakuna aliyejua anafanya kazi gani, ila alijua rangi ya viatu vya kila mwanamuziki.

Elieth, binti wa Boke, anayeponda mawe ya dhahabu na mumewe kule Matongo, ndiye aliyeliona tangazo. Wapenzi wa Upepo wanamtafuta yeyote aliyebaki hai kati ya wapulizaji wa Kogatende Jazz. Akipatikana watamheshimu angali anaona, na shida yake moja kubwa wataibeba wao. Alimpigia mama yake simu akiwa hajui acheke au alie. "Mama, si ndiye baba huyo?"

"Shikamoo, mzee wangu," Benedicto alianza. Alikuwa mwenyekiti wao, muuza mabati na saruji, mtu wa miaka sitini hivi mwenye sauti ya kanisani. Gari lake lilikwenda Mwanza kila wiki kuchukua mzigo, na shemeji yake alikuwa muuguzi kwenye hospitali kubwa ya huko. Boke alikwisha kuyapima hayo yote na kuyaweka moyoni.

"Marahaba, mura," Nchagwa alijibu, kama Wakurya wanavyomwita aliye mdogo kwao.

"Usione tunakuhoji kama polisi. Kuna watu matapeli. Mwezi jana alikuja mmoja kutoka Sirari akasema alikuwa mpiga ngoma wa Kogatende, kumbe alikuwa muuza karanga mlangoni. Kwa hiyo tuanze na rahisi. Mtindo wenu uliitwaje?"

Nchagwa alifikiri. "Ilikuwa mingi. Mwenye vyombo vya bendi akiamka vibaya anabadilisha."

"Ule uliovuma."

"Sikumbuki. Sisi tulikuwa tunaambiwa piga, tunapiga."

Watu walitazamana. Katibu wao, mwalimu kijana aitwaye Beatrice, alitaka kumsaidia. "Toboa Anga, babu. Mtindo wa Toboa Anga."

"Inawezekana," Nchagwa alisema, na Boke alitamani kumfinya.

"Haya. 'Rudisha Ng'ombe' mlirekodia wapi?"

"Wimbo gani huo?"

Sasa walicheka waziwazi. Mtu aliyejiita mpulizaji wa Kogatende Jazz, hajui "Rudisha Ng'ombe"! Hata mhudumu aliyekuwa akikusanya chupa aliguna. Beatrice alibonyeza simu, spika ikakohoa, na tarumbeta ikaingia, ya juu, safi, inapanda kama mtu anayepanda kilima akiwa na habari njema. Uso wa Nchagwa ulifunguka. Boke alikuwa hajauona umefunguka hivyo tangu mvua za mwaka jana.

"Aa! Hii si Ya Ugali?"

"Ya nini?"

"Ugali. Tuliahidiwa ugali na nyama tukimaliza kurekodi. Sisi tuliiita hivyo. Hayo majina mengine waliandika wenyewe kwenye santuri."

Hakuna aliyecheka. Tarumbeta ilizidi kupanda, ikafika karibu na kilele, halafu ikanyamaza. Kimya kifupi, pumzi moja. Katika kimya kile Nchagwa alijipiga paja kwa kiganja, paa, na papo hapo tarumbeta ikarudi, ikamalizia kupanda. Boke alikuwa ameliona kofi lile maisha yake yote ya ndoa. Redio ya jirani ikipiga wimbo ule, Nchagwa akiwa anashona au anakula, mkono ulikwenda wenyewe.

Benedicto aliusimamisha wimbo. "Hapo," alisema kwa heshima, kama watu wanavyoongea karibu na jeneza. "Kimya cha Nyangwine. Tumekijadili miaka. Wako wanaosema tepu ilikatika. Hapana. Tumekwisha kukubaliana kwamba marehemu Nyangwine alinyamaza kuwakumbuka vijana waliobaki vitani Uganda. Wewe ulikuwa naye. Ni kweli?"

"Kile ni kitufe," Nchagwa alisema.

"Kitufe?"

"Kitufe cha katikati cha tarumbeta. Kilikuwa kinakwama. Mwenye vyombo hakutaka kuitengeneza. Kikikwama unaipiga pajani, kinaachia, unaendelea. Sikilizeni vizuri mtasikia paa. Tulimwomba turudie, akasema muda wa studio umekwisha."

"Na wewe umejuaje kilichokuwa kwenye mkono wa Nyangwine?"

"Nyangwine?" Nchagwa alishangaa kweli. "Nyangwine alikuwa anabeba spika. Tarumbeta nilipuliza mimi."

Benedicto hakupandisha sauti. Aliinuka, akaenda ukutani, akarudi na kava la santuri lililowekewa fremu ya kioo, akamwekea mzee mapajani kama mtu anayemwonyesha mtoto kosa lake. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Umeshika nini?"

"Mdomo wa bata."

"Na huyu mwenye tarumbeta?"

"Ni Nyangwine. Lakini hiyo ni picha tu! Mpuliza mdomo wa bata, yule wa Shirati, alikwenda kumzika mama yake. Mwenye vyombo akasema chombo hakiwezi kukosekana kwenye picha, akanipa mimi nikishike. Halafu Nyangwine alikuwa mpwa wake, alitaka aonekane, akampa tarumbeta yangu. Hata hakujua kuishika. Tazameni, ameishika kama chupa."

Wote waliinama kutazama. Kwa kweli Nyangwine alikuwa ameishika kama chupa. Lakini wale walikuwa wameipenda picha ile miaka mingi, na mtu mmoja nyuma alisema ndivyo walivyoshika wakubwa, kwa madaha. Mwingine akasema marehemu hawezi kujitetea. Beatrice alitazama chini.

"Mzee," Benedicto alisema, "uzee una mambo yake. Nenda nyumbani, pumzika, kumbukumbu zikikaa sawa nipigie. Sisi tunataka kukusaidia. Ila siwezi kusimama mbele ya kundi zima nikasema Nyangwine hakupuliza. Nyangwine! Nitaonekana nimerukwa na akili."

Walipoinuka, Boke aliikunja nailoni yake haraka. Haraka ile haikutosha. Beatrice aliiona, akaiona na ile rangi iliyokuwa juu yake, akageuza macho kwa adabu. Adabu ile ilimwuma Boke kuliko kicheko.

*

"Ungesema tu ndiyo," Boke alisema wakiwa nyumbani. Alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, maana kutembea kulikuwa kumemwamsha mnyama wa tumboni.

"Ndiyo nini?"

"Kila walichosema. Toboa Anga, ndiyo. Vita vya Uganda, ndiyo. Mdomo wa bata, ndiyo. Ungekufa?"

"Tarumbeta ile nilipuliza mimi."

"Nani amekataa? Mimi si nilikuwepo Mugumu? Si nilisimama dirishani kwa sababu sikuwa na kiingilio? Najua ulivyokuwa unaitafuta ile sehemu ya kupanda, jioni baada ya jioni. Lakini mimi sina gari la kwenda Mwanza, Baba Elieth. Wenye gari ni wao, na wao wanamtaka Nyangwine."

Nchagwa alikaa kwenye kigoda chake cha kushonea. Mwenye vyombo alipokufa, ndugu zake walikuja na lori wakachukua kila kitu, tarumbeta nayo. Wanamuziki walibaki na midomo yao. Yeye akajifunza kushona viatu, na hakuwahi kulalamika, jambo ambalo Boke alilihesabu kuwa uungwana hadi leo.

"Boke," alisema. Alimwita jina lake mara chache sana. "Mimi sina ng'ombe. Wenzangu wa rika langu wanakaa vikaoni wanahesabiana mifugo, mimi nanyamaza. Sina shamba. Nina pale tu. Pale panapopanda. Redio ikipiga pale, najua nilizaliwa. Wanataka nimpe mbeba spika?"

"Na mimi je?"

Basi Boke alijikongoja, akaleta beseni, akaitumbukiza nailoni mbele ya miguu ya mumewe. Mambo haya mwanamke wa Kikurya hamwonyeshi mwanamume, hata awe wa ndani vipi. Wanayajua wao kwa wao, wanayamwaga nyuma ya nyumba. Aliisugua taratibu. Maji yaligeuka rangi.

"Angalia," alisema.

"Mama Elieth, acha."

"Nataka uangalie. Yote yaliyotoka ni ya asubuhi mpaka sasa. Ukimaliza kuangalia uniambie tena habari ya pale panapopanda."

Nchagwa aliangalia. Aliangalia muda mrefu, mikono yake myeusi kwa rangi ya viatu ikiwa imeshikana. Halafu akainuka, akalichukua beseni mwenyewe, akaenda kulimwaga nyuma. Aliporudi alisema, bila kumtazama mkewe, "Wanataka niseme nini?"

*

Simu ilipigwa jioni ileile. Nchagwa alisema uzee, alisema alichanganya, alisema sasa amekumbuka. Upande wa pili Benedicto alishusha pumzi. "Nilijua," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponyeshwa. "Nilijua, mzee wangu. Jumapili ijayo tunafanya sherehe, na Jumatatu gari linaondoka na mama."

Wiki ile Nchagwa alisomeshwa maisha yake. Elieth alituma kwenye simu ya mama yake yote yaliyoandikwa kwenye kundi kuhusu Kogatende Jazz, na Boke, aliyeishia darasa la saba lakini aliyesoma vizuri, alimhoji usiku na asubuhi, yeye kitandani, mumewe akichochea moto.

"Suti zenu?"

"Hatukuwa na suti za kutosha. Zilikuwa nne, tukawa tunapokezana. Aliyekaa nyuma ya ngoma alivaa koti juu, chini kaptura."

"Baba Elieth."

"Rangi ya maziwa."

"Mlikula nini kabla ya kupanda jukwaani?"

"Kula?"

"Wameandika mlikunywa maziwa mgando ili kulainisha koo."

"Maziwa mgando," Nchagwa alikubali. "Ya ng'ombe yupi, hawakuandika?"

Walicheka wote wawili, hadi tumbo lilipomkamata Boke. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja juu ya jambo lile, ingawa hawakujua.

"Mdomo wa bata alipuliza nani?"

"Mimi."

"Na tarumbeta?"

Moto ulilia. Nje mtu wa bodaboda alipita akipiga honi isiyo na sababu.

"Nyangwine."

"Sema vizuri. Usiseme kama unatema."

"Nyangwine," alisema vizuri.

*

Siku ya sherehe walifunga turubai uani kwa Benedicto na kuleta viti vyenye vitambaa. Watu walikuja kutoka Musoma na Mugumu, simu zimeinuliwa kwa ajili ya wale wa mbali. Nchagwa alivalishwa koti la rangi ya maziwa, lililomzidi mabegani. Boke alipewa kiti cha mbele, na Beatrice, bila kusema neno, alikuwa amekwisha kukitandika kitenge kizito kilichokunjwa. Boke alimshukuru moyoni na kumchukia kidogo palepale.

Nchagwa alijibu yote. Mtindo? Toboa Anga. Suti? Za rangi ya maziwa. Koo? Maziwa mgando, na hapo watu walipiga makofi, maana yule wa Muscat ndiye aliyeligundua jambo hilo. Kila jibu lilishangiliwa. Boke aliwatazama wale watu wazima wenye maduka na vyeo, macho yamelowa kwa furaha, wakirudishiwa maneno yao wenyewe kutoka kinywani mwa mumewe, na hakuona hata mmoja wao aliye mbaya. Hilo ndilo lililomchosha. Angepata mtu wa kumlaani angelala vizuri.

Kisha wakaleta mdomo wa bata. Waliuazima kwa bendi ya kanisa moja, umesuguliwa unang'aa, wakamvisha mkanda shingoni apigwe picha kama ile ya kwenye kava.

"Usipulize, babu," Beatrice alionya, "kifua. Shika tu."

Alishika tu. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilijipanga juu ya chuma, vimebanana, vikitafuta vitufe vitatu vya tarumbeta ambavyo havikuwepo. Katika umati ule wa watu waliojua kila kitu kuhusu upepo, Boke peke yake ndiye aliyeona.

"Sasa," Benedicto alisema, na uwanja ukatulia, "mzee wetu atuambie kuhusu Nyangwine. Wewe ulisimama bega kwa bega naye. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hilo hawakuwa wamelisoma. Boke alisogea mbele ya kiti. Nchagwa aliusogeza mkanda shingoni, akaanza kusema, na alisema kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, sauti laini ya mtu anayemsifia marehemu.

"Nyangwine alikuwa kijana wa kimaskini," alisema. "Alijifunza tarumbeta kwa kuisikia tu. Hakuwa na ya kwake. Usiku, wenzake wakilala, alikwenda nayo kwenye mahindi ili asiwaudhi. Mdomo ulikuwa unapasuka, anapaka mafuta ya ng'ombe, anaendelea."

"Eeh," watu waliitikia.

"Ile sehemu inayopanda, hakupewa na mtu. Aliipata Mugumu. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye ukumbi, madirisha wazi. Kulikuwa na binti mmoja wa Ringwani. Alikuja kila jioni anasimama dirishani, hana kiingilio, amebeba ndoo ya maji kichwani. Haiweki chini, kwa sababu akiiweka chini itaonekana amekuja kusikiliza. Nyangwine akawa anapuliza akimwangalia. Anasema moyoni, nikipanda mpaka pale juu bila kukosea, ataiweka ndoo chini. Anakosea, binti anaondoka. Kesho tena. Mpaka siku moja alipanda, akafika, na binti akaiweka ndoo chini."

Watu walipiga vigelegele. Beatrice alifuta macho. Simu zote zilikuwa juu. Boke alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili. Miaka yote ile hakuwahi kuambiwa habari ya ndoo. Alidhani ni yeye tu anayejua kwa nini aliiweka chini. Na sasa alikuwa akiambiwa hadharani, pamoja na watu wa Musoma na mtu wa Muscat, na haikuwa yake.

"Na yule binti, babu?" Beatrice aliuliza. "Nyangwine alimwoa?"

Nchagwa alimtazama mkewe. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama.

"Hapana," alisema. "Aliolewa na mtu mwingine tu."

"Maskini Nyangwine!" Benedicto alisema, na wimbo ukawashwa, watu wakasimama kucheza.

*

Walitimiza ahadi, na hilo lisemwe. Gari liliondoka Jumatatu, shemeji muuguzi aliwapokea, Boke akapasuliwa, uvimbe ukatolewa pamoja na kizazi chenyewe. Alirudi Tarime amekonda, ana mshono mrefu, na hatandiki tena nailoni mahali popote. Elieth alikuja kutoka Matongo kumpikia uji na aliimba jikoni kwa furaha. Majirani walisema huyu mzee ana bahati, amesahauliwa miaka yote kumbe alikuwa na watu.

Nchagwa alikuwa mwema kwake kuliko zamani. Alichota maji, alimwinua, alimgeuza. Akimaliza alirudi kwenye viatu vyake. Kama kulikuwa na kitu alichokosa Boke, hakikuwa kitu cha kushitakia. Ukimwambia mtu mume wangu hapigi tena mluzi akishona, atakushangaa.

Jumapili moja Wapenzi wa Upepo walikuja kumjulia hali mgonjwa. Walijaa chumbani, shikamoo nyingi, sukari, sabuni, mchele. Benedicto alileta na zawadi yake mwenyewe, picha ya kava imekuzwa, ina fremu ya rangi ya dhahabu, na jina chini ya kila mtu. Alikuja na msumari wake. Aliupigilia ukutani juu ya kigoda cha Nchagwa bila kuuliza, akaitundika picha, akasogea nyuma kutazama kama imekaa sawa. Mshona viatu na mdomo wake wa bata; kando yake Nyangwine, ameshika tarumbeta kama chupa.

"Sasa nyumba ina historia," Benedicto alisema.

"Asante sana, mura," Nchagwa alisema.

"Beatrice, mwekee mama wimbo. Utamsaidia kupona."

Beatrice aliweka simu mezani. Tarumbeta ikaingia, ikaanza kupanda. Wageni walifumba macho, kila mmoja akitikisa kichwa kwa namna yake. Boke hakufumba. Aliukodolea macho mkono wa mumewe, uliokuwa umelala pajani, kiganja chini, mahali pake palepale pa siku zote. Tarumbeta ikakaribia kilele. Ikanyamaza.

Mkono haukutikisika.

Pumzi ile moja ilikuwa ndefu kuliko upasuaji. Boke hakuivumilia. Aliinua mkono wake mwenyewe, dhaifu, akajipiga paja juu ya shuka, paa, mshono ukamchoma mpaka machozi, na tarumbeta ikarudi ikamalizia kupanda bila kumjali. Wageni walifumbua macho. Mmoja alinong'ona kwamba mama ana maumivu, labda wapunguze sauti.

Nchagwa aliinama, akamrudishia mkewe mkono ndani ya shuka, akauweka vizuri, kwa upole wote wa dunia.

"Usipige," alimwambia polepole. "Utawaharibia wimbo wao."

Kisha akasogeza kigoda, akachukua kiatu cha mtu, na akaendelea kushona.